Kisa cha dipu ya ranchi ya zamani: mwenye hisa, mtu wa kambi na kupe wa 2018

Kabla sijaanza

Hiki kisa ni cha kijiji kimoja cha wafugaji Kaunti ya Nakuru, kule nyasi ni ndefu na maji ni ya shida. Nimetoa majina ya watu na ya mahali, na vitu vichache nimevibadilisha ili mtu asijulikane. Ukitambua ni wapi, tafadhali baki nayo. Mimi ndiye nilikuwa naandika daftari ya dipu, lile shimo la maji ya dawa la kuogeshea ng'ombe kupe wafe, karibu miaka mitatu, na niseme mapema kwamba mimi ni mtoto wa mwenye hisa, utaona mbele kwa nini hiyo ni muhimu.

Kijiji kilitoka wapi

Ugomvi wa hapa huwezi kuuelewa bila kurudi nyuma. Reli ilifika Nakuru 1900, alafu mkataba wa 1904 ukawatoa Wamaasai kwenye Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia wengine kusini, na hao wa Laikipia wakaja kuhamishwa tena baada ya mkataba wa 1911. Mashamba makubwa ya wazungu yakashika hapo. Delamere, mlowezi mkubwa wa kizungu, alianzia Njoro, mifugo ikamfia vibaya, ndio akaja kuweka nguvu yake Soysambu karibu na Elementaita. Watu wengi hawajui kwamba sehemu nyingine za huku udongo wake hauna kobalti ya kutosha, ng'ombe anasimama kwa nyasi ya kijani hadi magoti na bado anakonda mpaka mbavu zinahesabika, na wataalamu wa zamani wakauita huo ugonjwa Nakuruitis, jina la mji wetu kabisa. Ndio maana mpaka leo mama wa huku anaweza kukosa sukari kwa nyumba lakini chumvi ya ng'ombe haikosi.

Ranchi yenye iligeuka kijiji chetu ilikuwa ya mzungu mmoja alafu mwingine. Wachungaji walikuwa Wakalenjin na Waturkana, Wakikuyu walikuwa wengi upande wa kilimo na maziwa, wote wanaishi kambi moja chini ya dipu, posho ya mahindi inapimwa kwa debe. Mfanyakazi aliruhusiwa kuwa na ng'ombe wake wachache akilisha kwa shamba ya bwana. Miaka ya 1920 walowezi wakaanza kuwamalizia maskwota mifugo, wakisema inaleta magonjwa kwa gredi zao, wale ng'ombe wa damu ya kizungu, na watu wakaliita hilo zoezi kifagio. Kuna mzee hapa, nitamwita Mzee wa Geti kwa sababu kazi yake wakati wa mzungu ilikuwa kusimama kwa geti ya dipu na kuhesabu ng'ombe, yeye alihadithiwa na babake venye ng'ombe zao zilitolewa kambini asubuhi moja na jioni boma ikabaki na ndama mmoja tu wa kuchechemea. Shika hiyo, tutarudi kwayo.

Baada ya Uhuru, miaka ya 1970, kampuni ya kununua mashamba ikachukua ranchi. Watu walichanga kutoka mbali, wengine waliuza kila kitu wakaja na cheti cha hisa kimefungwa kwa leso. Babangu alikuwa mmoja wao. Wale wa kambi wengi hawakuwa na pesa ya hisa, kwa hivyo kampuni ilinunua shamba na watu wakiwa ndani. Mwisho wa miaka ya 1980 shamba likakatwa, kila hisa ekari tano. Kikabaki kipande kama ekari 60 hivi ambacho hakikugawanywa, kina dipu, krashi ya kubania ng'ombe, njia ya kuteremsha ng'ombe mtoni, na kambi yenyewe na familia zake. Hizo familia hazina karatasi yoyote mpaka leo.

Watu wa hapa ni wa aina gani? Ni watu wa Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya dipu tangu enzi ya mzungu na mpaka sasa mikutano, kulipa madeni, kuuliza mchumba, vyote vinaangukia Alhamisi. Hawapendi kuulizwa mtu ana ng'ombe wangapi, ukiuliza utaambiwa "wako", basi. Wanaazimana fahali bila kuandika. Lakini pesa ya pamoja wanaiogopa kama moto, na hiyo nadhani ilitoka kwa kampuni yenyewe, juu wazee walichanga miaka na miaka na mikutano ya hesabu haikuitwa. Kwa hivyo ni jamii yenye inaweza kukuamini na fahali wa laki moja lakini haikuamini na shilingi mia mbili ya kikundi.

Kilichotokea

Serikali ilikuwa inaendesha dipu zamani. Kufika mapema miaka ya 1990 ikajitoa, wananchi wakaambiwa wajisimamie, na dipu nyingi Kenya zikakauka. Yetu ilikufa hivyo hivyo. Paa ya mabati ilitoweka bati moja moja, mti ukaota ndani ya shimo. Kila mtu akanunua pampu ya mgongo akawa anapulizia ng'ombe zake nyumbani, akikumbuka, na pesa ikiwepo.

Ukame wa 2017 ukatupiga. Watu waliuza kwa bei ya kutupa, wengine walipoteza boma nzima. Mvua ya Machi mpaka Mei 2018 ikaja kubwa sana, nyasi ikarudi, na wenye hisa walioweza wakaenda sokoni wakanunua mitamba ya gredi na machotara kutoka sehemu za juu zenye baridi. Nyasi ndefu na unyevu ndio nyumba ya kupe. Kufika mwezi wa saba mitamba ikaanza kuanguka.

Kama hujawahi kuona ECF, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ile vitabu vinaita ndigana kali, nitakueleza yule wa kwetu. Alikuwa mtamba mweusi na doa jeupe kwa paji. Siku ya kwanza alikaa nyuma ya wenzake. Ya pili tezi ya chini ya sikio ikavimba kama limau, ukigusa ni moto. Siku ya tano akawa anapumua na shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi, na usiku povu jeupe likaanza kutoka puani kama sabuni. Dawa yake ipo, lakini inasaidia ukiwahi, na ni ghali, na sisi tulichelewa. Mama alikaa naye na taa mpaka saa kumi asubuhi.

Kwa miezi mitano niliandika vifo 23, karibu vyote boma za wenye hisa. Kambini walikuwa na ng'ombe wadogo wa kienyeji, zebu, na hao walikuwa wanatembea tu, masikio yamejaa kupe na hawafi. Maneno yakaanza hapo. "Ng'ombe za kambi ndio zinatuletea." Mtu mmoja akasema kwenye baraza, mbele ya chifu, kwamba ng'ombe za kambi ziondolewe zote kwa zile ekari 60 na kipande kigawanywe kwa wenye hisa. Nilimwona Mzee wa Geti amesimama nyuma kabisa na fimbo yake. Hakujibu. Aliondoka tu, na wenzake wote wa kambi wakamfuata mmoja mmoja. Wakati huo sikujua ile hadithi ya kifagio, nilidhani wamekasirika tu.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Mapendekezo yalikuwa matatu: kufukuza ng'ombe za kambi na kugawa kipande, kila mtu aendelee na pampu yake, au kufufua dipu. Kugawa kulikuwa na watu wengi nyuma yake, nisidanganye, babangu akiwa mmoja. Kilichozuia kugawa kilikuwa njia ya mto. Ukigawa kipande, njia ya ng'ombe inaisha, na nusu ya wenye hisa hawana maji. Kwa hivyo dipu ilishinda kwa sababu ya maji, upendo haukuwa hapo bado.

Kamati ya kwanza ilikuwa ya wenye hisa watupu. Tulisafisha shimo, fundi akaziba nyufa, tukanunua dawa ya kupe ya aina ya amitrazi na chokaa yake, juu hiyo dawa bila chokaa haikai kwa maji, inaharibika. Tukaamua mwenye hisa alipe shilingi 20 kwa ng'ombe na mtu wa kambi 40. Sababu iliyotolewa ni kwamba wa kambi hawakuchangia ukarabati. Hawakuchangia kwa sababu hawakuulizwa. Niliandika hiyo sheria kwa mkono wangu na inaniuma mpaka leo.

Wa kambi hawakuja hata mmoja. Na wenye hisa wenyewe vifo havikuisha. Boma moja iliyo karibu kabisa na dipu, mwenyewe anakuja wa kwanza kila Alhamisi alfajiri, ndio ilikuwa inapoteza zaidi. Watu wakasema dawa ni feki, wengine wakasema mweka hazina amekula nusu akajaza maji. Mweka hazina akajiuzulu akilia. Alikuwa mtu msafi kabisa.

Alhamisi moja, Januari 2019, Mzee wa Geti akapita na mbuzi zake, akasimama kwa ukuta akatuangalia. Ng'ombe wa kwanza akaruka, maji yakaruka, wa pili, wa tatu. Mzee akaita, "Kijana, hao umewaogesha?"

Nikamwambia ndio, mzee.

"Hao wamekoroga tu. Dawa ililala chini wiki nzima. Wa kwanza kumi na tano ni mwiko, warudi waruke tena. Mzungu alikuwa ananikata posho nikisahau."

Ilikuwa hiyo tu. Dawa ya unga inashuka chini ya shimo, ng'ombe wa mbele wanapita kwa maji karibu matupu na miguu yao ndio inaikoroga kwa ajili ya wengine. Yule jirani wa alfajiri alikuwa anaharakisha kila wiki kuja kuogesha ng'ombe zake na maji. Na mtu pekee kwenye kijiji kizima aliyejua hiyo siri alikuwa mtu tuliyemwekea bei mara mbili.

Nilienda kwake jioni na mamangu, tukabeba majani na sukari, tukaketi. Hapo ndio alinihadithia kifagio na ndama wa kuchechemea. Mama alisema, "Baba, tulikosa." Mzee akanyamaza muda mrefu, akauliza kama chokaa tunaweka kabla ya dawa au baadaye.

Kamati ikavunjwa mwezi uliofuata. Ile mpya ilikuwa na watu saba, watatu wa kambi. Bei ikawa moja, shilingi 20. Pesa ikawekwa kwa simu na kuitoa kulihitaji watu wawili, mmoja wa hisa na mmoja wa kambi. Na jambo ambalo Mzee alishikilia kuliko yote: kila Alhamisi kabla geti kufunguliwa daftari isomwe kwa sauti, kiasi kilichoingia, kilichotoka, dawa iliyobaki, na nani ni wa kwanza wiki hiyo, kwa sababu ule mzigo wa kukoroga lazima uzunguke kila boma. Hakuna kukosa wiki. Kupe akishika ng'ombe hamwambukizi saa hiyo hiyo, inachukua siku kadhaa akinyonya ndio vimelea viwe tayari kuingia, na ile Alhamisi kwa Alhamisi inamkata kupe wengi kabla hajafika hapo. Ukiruka wiki mbili umempa nafasi yote.

Baadaye mwaka huo tukaongeza chanjo ya ECF, ile iliyotokana na utafiti wa kituo cha Muguga karibu na Nairobi. Inafanya kazi kwa njia ya ajabu kidogo, ndama anapewa vimelea vizima vya ugonjwa na hapo hapo anadungwa antibiotiki ya tetrasaikilini ya kukaa mwilini muda mrefu, anaugua kidogo bila kufa na anabaki na kinga. Inahifadhiwa kwa naitrojeni ya maji, baridi kali, na mrija mmoja ukiyeyushwa unatosha ndama makumi na lazima uishe ndani ya saa chache. Daktari wa mifugo alituambia wazi hawezi kufungua mrija kwa ndama watano wa mtu mmoja. Kwa hivyo wenye hisa peke yao hawakutosha, kambi peke yao hawakutosha. Siku hiyo krashi ilijaa mpaka jioni, ndama wanatoka na hereni mpya masikioni, na huwezi kusema yupi ni wa nani.

Matokeo

Mwaka wa 2020 wote niliandika vifo vitatu vya ECF, na viwili kati ya hivyo ni boma ambayo ilikataa dipu na chanjo vyote. Mwenyewe ana ng'ombe wengi na anatumia pampu, ni haki yake. Mweka hazina wa kwanza aliombwa msamaha mbele ya watu na sasa yuko kamati tena.

Lakini tulifanya kosa moja kubwa. Mama mmoja wa kambi, anayeishi kwa kuuza maji na punda, aliona wengine wote wanaogesha akaleta punda wake pia, na sisi tukamruhusu, hata tukamsifu. Amitrazi haitumiwi kwa farasi na jamii yake. Matumbo yanasimama. Punda alivimba, akakataa maji, siku ya nne akafa. Onyo lilikuwa limeandikwa kwa kopo, herufi ndogo, Kiingereza. Kamati ilibishana miezi mitatu kama ni jukumu lake au letu, na miezi hiyo yote yule mama alikuwa anabeba jerikeni mgongoni. Mwishowe tukalipa, kwa awamu.

Uchambuzi

Nianze na ile lawama ya kwamba ng'ombe za kambi ndio zilileta ugonjwa, kwa sababu ingekuwa rahisi kusema ilikuwa chuki tu na kumaliza. Kuna ukweli ndani yake na ndio uliifanya iwe hatari. Zebu aliyekulia kwa kupe anaambukizwa akiwa ndama, wengi wanapona, na aliyepona anaweza kubaki amebeba vimelea maisha yake na kupe akapeleka kwa mwingine. Kwa hivyo ndio, ng'ombe za kambi zilikuwa zimebeba. Lakini hata zetu za kienyeji zilikuwa zimebeba, na hata ndama aliyechanjwa anaweza kubeba. Kilichobadilika 2018 ni kwamba sisi tuliingiza mitamba isiyojua kupe wa huku, bila kuogesha, baada ya mvua kubwa. Kuondoa ng'ombe za kambi kusingeokoa hata mmoja. Walowezi walitumia maneno hayo hayo, kwamba ng'ombe wa skwota ni uchafu, na sisi tuliyarudia neno kwa neno bila kujua tumeyatoa wapi. Baba nilipomwelezea hivi alikaa siku mbili hajaniongelesha, alafu akaenda mwenyewe kwa Mzee.

Kilichosaidia zaidi kwa maoni yangu ilikuwa ile kusoma daftari kwa sauti. Kuweka saini mbili ni vizuri, lakini hapa watu walichomwa na hesabu zilizofungiwa ofisini, na hawakuhitaji sheria nyingine ya karatasi, walihitaji kusikia na masikio yao kila wiki mbele ya ng'ombe. Wiki ya tatu tu maneno ya wizi yaliisha. Zamu ya kukoroga nayo ilifanya kitu ambacho baraza halikuweza, kwa sababu Alhamisi ya zamu yako ng'ombe zako zinaruka mara mbili kwa faida ya wengine, na wiki ijayo mtu mwingine anakufanyia hivyo.

Tulipokosea mapema ni kudhani ujuzi unakaa na hisa. Wenye hisa tulinunua ardhi, lakini waliojua kuiendesha kama ranchi walikuwa ni wachungaji, na tuliishi nao miaka 40 bila kuwauliza swali. Hilo la punda ni kosa la aina hiyo hiyo. Tulikuwa na daktari wa mifugo kwa simu, hatukumpigia, tuliamini macho yetu kwa sababu dipu ilikuwa imeanza kufanya kazi. Sasa kuna ubao kwa geti umeandikwa kwa rangi nyekundu: PUNDA HAPANA.

Na msingi wote wa kazi hii bado umesimama hewani. Tulipofuatilia kwenye ofisi ya ardhi, zile ekari 60 bado zinasoma jina la kampuni, na wakurugenzi wake karibu wote wamekufa. Dipu ni yetu kwa mazoea tu. Wengine wanataka ipewe hati kwa jina la kikundi cha dipu, na wa kambi wanauliza, sawa kabisa, kama hati itakuwa ya dipu peke yake au pia ya nyumba zao, kwa sababu wengine wamezaliwa hapo na wamezikwa hapo. Kwenye mkutano wa mwisho niliouandika, upande wa hisa ulisema tuanze na dipu kwanza na mambo ya nyumba yafuate. Mzee wa Geti alisimama, safari hii mbele, akasema yeye ameshasikia hiyo "kwanza" mara mbili maishani. Mkutano uliahirishwa mpaka Alhamisi.